Essous, mtu aliyeanza OK Jazz na kuiacha

Mu mabaa ya Kenya, hapa Lubumbashi, wakipiga rumba ya zamani ya OK Jazz, jina linalotoka ku midomo ni moja tu: Franco. Njo haki yake. Lakini siku OK Jazz ilizaliwa, Franco alikuwa bado kijana wa miaka 17. Mwenye kuongoza orkestra alikuwa mtu mwingine, mpuliza klarineti na saksofoni kutoka ng'ambo ya mto: Jean Serge Essous.

Essous alizaliwa Januari 1935 ku Mossaka, mji wa wavuvi ku Congo-Brazzaville, akaanzia muziki mu Negro Jazz ya Brazzaville. Tusidanganyike na hilo neno jazz. Ile wakati orkestra mingi zilijiita hivyo ijapokuwa walicheza rumba na cha-cha, vitu walivyosikia ku sahani za Cuba. Kule Cuba ilikuwa tarumbeta; huku kwetu saksofoni njo ilichukua ile nafasi, na Essous ni kati ya wale walioifundisha kuongea kikwetu.

Studio za Wagiriki, na feza pia, vilikuwa upande wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Essous akavuka. Studio ya Papadimitriou, Loningisa, ilikuwa na wanamuziki waliokuwa wakicheza ku OK Bar, na tarehe 6 Juni 1956 wakatoka mbele ya watu kama OK Jazz. Jina lilitoka ku ile baa, na baa ililipata kwa mwenyewe, Oscar Kashama.

Miezi michache tu, Essous akaondoka. Studio mpya, Esengo, ilikuwa inavuta wanamuziki, naye akaenda pamoja na mwimbaji Rossignol. Huko wakafanya Rock-a-Mambo, na Essous akawa anapuliza bega kwa bega na Nino Malapet. OK Jazz ikamchukua Isaac Musekiwa, mtu wa Rhodesia ya Kusini, aliyekuwa mu African Jazz ya Kabasele. Ikaendelea zaidi ya miaka 30 bila Essous. Kuna wanaosema alikosea. Labda. Lakini mwanamuziki wa ile wakati aliishi ku studio, na studio yenye kulipa vizuri zaidi njo ilikuwa kwake.

Kisha ikafika tarehe 4 Januari 1959. Damu ikamwangika mu Léopoldville, na watu wa Brazzaville wakaona heri warudi kwabo. Essous, Nino, Pandi, Edo Ganga, Célestin Kouka na De La Lune wakajikusanya. Wengine walitoka OK Jazz yenyewe. Tarehe 15 Agosti 1959, ku baa ya Faignond mu Poto-Poto, Bantous de la Capitale ikaanza kazi. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe ileile, nchi yabo ikapata uhuru.

Hata hiyo hakubaki nayo moja kwa moja. Kisha festivali kubwa ya Dakar ya 1966, alienda ku Ryco Jazz na kupigia watu wa Martinique na Guadeloupe rumba. Nino njo alishika nyumba. Siku Essous aliporudi, nafasi yake ilikuwa ingali pale.

UNESCO ilimpa cheo cha msanii wa amani. Alikufa Brazzaville mu Novemba 2009, akiwa na miaka 74. Nino alimfuata Januari 2012.