Mangi Marealle wa Kwanza na Mipaka ya Mlima Wetu

Katika kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika, msomaji hutarajia kusoma habari za wamisionari, wainjilisti, walimu na wazee wa Kanisa. Mtu tunayemweleza hapa hakuwa mmojawapo wa hao. Hata hivyo, asiyejua habari zake atashindwa kuelewa jinsi nchi zilizogawanyika za Kilimanjaro zilivyopata mipaka tuliyoirithi, na kwa nini utani wetu wa Wamachame na Wakibosho, wa watu wa Marangu na wa Rombo, mara nyingine huwa na mwiba ndani yake.

Mlima wa Kilimanjaro, katika ujana wa Marealle, haukuwa nchi moja. Kutoka Siha upande wa magharibi hadi Useri upande wa mashariki palikuwa na nchi zaidi ya 20, kila moja na mangi wake, na mara nyingi mpaka ulikuwa korongo la mto. Mtu alijitaja kwa nchi yake: Mmachame, Mkibosho, Mkilema. Jina la Wachagga kama jina la kuwajumlisha wote lilikuja kushika mizizi baadaye. Nchi hizo zilioana na kuuziana vyakula sokoni, lakini pia zilinyang'anyana ng'ombe, zikashindania misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani, na kila mangi alitafuta bunduki kabla jirani yake hajazipata.

Katika mashindano hayo wawili walikuwa wakubwa: Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho. Marangu ilikuwa nchi ndogo, imebanwa kati ya Kilema na Mamba. Marealle hakuwa na mikuki ya kutosha kuwashinda wakubwa hao, kwa hiyo alitafuta nguvu mahali pengine. Alikuwa mtu mwerevu, mwenye adabu kwa wageni na mwepesi kusoma nia zao. Msafara wa Count Teleki ulifika kwake mwaka 1887. Mwaka huo huo alimpokea Hans Meyer, ambaye alirudi tena mwaka 1889 na kupanda kutoka Marangu pamoja na Ludwig Purtscheller hadi kufika kileleni tarehe 6 Oktoba. Hivyo jina la Marangu likajulikana Ulaya wakati ambapo jirani zake wengi walikuwa bado hawajatajwa huko.

Mwaka 1891 mizani ya mlima ilipinduka. Mnamo Februari jeshi la Wajerumani likiongozwa na von Wissmann, likisaidiwa na watu wa Rindi, liliivunja ngome ya Sina. Mwaka huo huo Rindi alifariki, na mwanawe Meli, aliyekuwa bado kijana, akashika umangi wa Moshi. Kituo cha serikali kikahamishiwa Marangu chini ya Carl Peters. Ikumbukwe kwamba heshima hiyo haikuwa neema tupu. Ni katika kituo hicho ambapo Peters aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodia, tendo lililochangia kufukuzwa kwake kazini mwaka 1897.

Mnamo Juni 1892 von Bülow alitoka Marangu kwenda kumshambulia Meli, akashindwa na kuuawa. Wamisionari wa Kiingereza wa CMS, waliokuwa Moshi tangu mwaka 1885, wakalazimika kuondoka mwaka huo. Ushindi wa Meli ulidumu mwaka mmoja tu. Mnamo Agosti 1893 Gavana von Schele alikuja na jeshi kubwa, akamshinda, na boma likarudishwa Moshi. Miezi michache baadaye wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame. Mwaka 1894 wakafungua kituo cha Mamba, na mwaka 1896 cha Moshi, pale Kidia. Mapadre Wakatoliki walikuwa wamekwisha kuanza Kilema, kisha Kibosho. Tangu hapo mipaka ya umangi ikawa, kwa sehemu kubwa, mipaka ya madhehebu pia.

Mtu angeweza kudhani kwamba boma lilipoondoka Marangu, nyota ya Marealle ingezimika. Haikuwa hivyo. Alimvuta Kapteni Johannes, mkuu wa boma la Moshi, hata akawa mshauri aliyesikilizwa kuliko wamangi wote. Serikali ilitaka kutawala watu wengi kwa maofisa wachache, na kwa sababu hiyo ilipendelea kuwa na mangi mmoja juu ya wengine. Marealle akapewa mamlaka juu ya nchi za Vunjo na Rombo, ambazo baba zake hawakuwahi kuzitawala. Kodi ya nyumba ilipoanzishwa mwaka 1898, wamangi ndio waliotumiwa kuikusanya, na aliyependwa na boma alizidi kuwa na sauti. Vita vya mikuki vikawa vimekwisha, lakini mashindano hayakwisha. Yalihamia mlangoni pa boma. Silaha mpya ilikuwa taarifa: nani amesema nini, nani amekutana na nani usiku, nani anaficha bunduki.

Hapa ndipo tunapofika kwenye habari ambayo wazee wetu waliisimulia kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa mwaka 1899 na mwanzoni mwa 1900 Johannes aliletewa habari kwamba wamangi kadhaa wamefanya shauri pamoja na Waarusha na Wameru ili kuwashambulia Wajerumani. Marealle alikuwa miongoni mwa waliozipeleka habari hizo. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, watu 19 walinyongwa. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Moshi, Mangi Molelia wa Kibosho, Mangi Ngalami wa Siha, na viongozi wa Waarusha na Wameru. Kamba zilikuwa za Wajerumani na hukumu ilikuwa yao, hilo lisifichwe. Lakini ndimi zilizowafikisha hapo zilikuwa za ndugu zao wa mlima mmoja.

Baada ya siku hiyo hapakubaki mshindani mwenye nguvu. Hata hivyo, Marealle hakudumu katika ukuu huo. Johannes alipokwisha kuondoka, masikio ya boma yalikuwa wazi kwa watu wengine, na taarifa zikaanza kupelekwa juu ya Marealle mwenyewe. Mwaka 1904 alikimbilia upande wa Waingereza. Baadaye alirejea Marangu, lakini enzi yake kubwa ilikuwa imevunjika. Alifariki mwaka 1912.

Mipaka haikufa pamoja naye. Mwaka 1946 Waingereza waliziweka nchi zote za mlima katika sehemu tatu, Hai, Vunjo na Rombo, na Vunjo ikawa chini ya Petro Itosi wa ukoo huo huo wa Marealle. Mwaka 1952 Thomas Marealle, mjukuu wa mangi tunayemweleza, alitawazwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote. Cheo hicho kilikoma mwaka 1960, na mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu. Lakini majina ya Hai na Rombo yangali ni majina ya wilaya, na Vunjo ni jina la jimbo la uchaguzi.

Tumhukumuje mtu huyu? Alikilinda kidogo alichorithi akakifanya kikubwa, na watu wake waliokoka mapigo yaliyowapata majirani. Lakini usalama wa nchi moja ulinunuliwa kwa machozi ya nchi nyingine. Maandiko yanatuonyesha jambo hili katika shamba la mizabibu la Nabothi, ambako mashahidi walipatikana kwa urahisi kwa kuwa mwenye nguvu alitaka kupanua mpaka. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba huko Berlin uliwatambua ndugu walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa kutoka Kilimanjaro. Fuvu la Mangi Meli halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa. Kidonda hiki, basi, si cha kale kama tunavyodhani.

Mgawanyo wenyewe si dhambi. Kanisa nalo lina mitaa, sharika, majimbo na dayosisi, kwa sababu kazi haiwezi kufanyika bila mpango. Dhambi huingia pale mtaa unapofurahia upungufu wa mtaa mwingine wakati hesabu za mavuno zinaposomwa, au mzee anapokwenda kwa mkuu wa jimbo kwa siri kumsema mwenzake ili mtaa wake upate usharika kwanza. Hiyo ndiyo njia ya kwenda bomani.

Katika kanisa letu wajukuu wa walionyongwa na wajukuu wa waliowashtaki hupiga magoti mbele ya madhabahu moja, wakashiriki mkate mmoja na kikombe kimoja. Naomba kwamba katika ibada ya jubilei, tutakapowataja waliotutangulia, tuwakumbuke wale 19, na jina la Mangi Marealle tulitaje katika sala hiyo hiyo.