Linus Pauling: Mwanasayansi aliyeyahoji majivu ya mabomu

Tangu habari za kujengwa kinu cha nyuklia Uyombo, huko Kilifi, zilipoanza kusikika, Wapwani wengi wamekuwa na swali moja: serikali ikituambia hakuna hatari, sisi tutajuaje? Kinu cha umeme si bomu, na mambo hayo mawili yasichanganywe. Lakini swali lenyewe ni kongwe. Kule Marekani alikuwako mtu aliyelishikilia kwa miaka mingi, na maisha yake yanatufaa.

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 mjini Portland, jimbo la Oregon. Babake, aliyekuwa na duka la dawa, alifariki Linus akiwa na miaka 9. Mamake akabaki na watoto watatu, akipangisha vyumba ili wapate riziki. Kijana akasoma huku akifanya vibarua. Akiwa bado mwanafunzi wa chuo alipewa darasa la kufundisha, na humo ndimo alimokutana na Ava Helen Miller. Wakaoana mwaka 1923. Mama huyu ndiye aliyemvuta mumewe kutoka maabara hadi kwenye masuala ya amani.

Familia nyingi za Pwani zina deni kwake bila kujua. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba ugonjwa wa selimundu unatokana na kasoro katika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa safi mwilini. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Mwaka 1954 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wake mwingine, kuhusu jinsi atomu zinavyoshikana.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Machi, Marekani ililipua bomu la majaribio katika kisiwa cha Bikini, bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilikuwa kama mara 1,000 ya lile la Hiroshima. Upepo ukayapeleka majivu hadi kisiwa cha Rongelap, na watoto wakayachezea. Watu wakababuka ngozi na kunyonyoka nywele kabla ya kuhamishwa. Majivu hayo yaliwaangukia pia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini kutafuta jodari, na mmoja wao akafariki mwezi wa Septemba. Kule Japani samaki wakawa wanapimwa mionzi sokoni, na shehena nzima nzima kutupwa. Mvuvi wa Pwani hahitaji kuelezwa hasara hiyo.

Wakuu wa serikali ya Marekani waliwatuliza wananchi kwamba majivu yaliyosambaa duniani ni machache mno kuwadhuru. Pauling hakukubali. Hesabu yake ilikuwa hivi: dhara dogo kwa mtu mmoja, likigawiwa mamilioni ya watu, litaleta wagonjwa wengi wa saratani na watoto wenye kasoro za kuzaliwa, hata kama hakuna atakayeweza kumnyooshea mgonjwa fulani kidole na kusema huyu ni wa bomu. Alihofia zaidi strontiamu-90. Mwili huidhania kuwa kalisi. Huanguka na mvua, ikaingia kwenye nyasi, ng'ombe akala, mtoto akanywa maziwa, nayo ikakaa mifupani.

Wanasayansi wengine walimpinga. Edward Teller, mmoja wa waliounda bomu la haidrojeni, alijadiliana naye kwenye televisheni mwaka 1958, akishikilia kwamba hatari hiyo ni ndogo sana. Jambo kama hilo haliamuliwi kwa maneno matupu. Linahitaji vipimo. Katika mji wa St. Louis, madaktari, wanasayansi na akina mama walianza mwaka huohuo kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka. Walipata zaidi ya meno 300,000. Yalipopimwa ikaonekana kwamba strontiamu ilikuwa ikipanda kadiri majaribio yalivyoongezeka, na ilishuka yalipokoma.

Pauling na mkewe walikuwa wakikusanya saini. Januari 1958 walipeleka Umoja wa Mataifa ombi la kusimamisha majaribio, likiwa na saini za wanasayansi zaidi ya 9,000 wa nchi nyingi. Gharama yake ilikuwa kubwa. Tayari mwaka 1952 alikuwa amenyimwa pasipoti kwa kushukiwa ukomunisti. Mwaka 1960 kamati ya Seneti ilimwita ataje majina ya waliomsaidia kukusanya saini. Alikataa, kwa kuhofia kwamba wangeandamwa. Mwaka huo Ufaransa nayo ililipua bomu lake la kwanza Reggane, katika Sahara ya Algeria, kwenye ardhi ya Afrika.

Mwezi Aprili 1962 alisimama na bango nje ya Ikulu ya Marekani, kisha jioni akaingia ndani kula chakula na Rais Kennedy, kwani alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio hewani, anga za juu na chini ya maji ulitiwa saini Agosti 1963. Ulipoanza kutumika tarehe 10 Oktoba, ikatangazwa kwamba Pauling ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962.

Hakuwa mtu asiyekosea. Uzeeni aliisifu vitamini C kupita kiasi, na majaribio ya hospitali hayakuonyesha kwamba inatibu saratani kama alivyoamini. Alifariki tarehe 19 Agosti 1994, akiwa na miaka 93. Hata yeye, basi, hakustahili kuaminiwa kwa jina tu. Alistahili kuulizwa ushahidi, kama alivyoiuliza serikali yake.

Nasi tuna funzo letu karibu. Kule Owino Uhuru, Mombasa, ni vipimo vya damu vilivyoonyesha kwamba watu walikuwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini vipimo hivyo vilikuja watu wakishaumia. Kwa mradi wowote wa nyuklia, kokote utakakowekwa, wakaazi wadai maji, udongo na samaki vipimwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, vipimwe na watu wasiolipwa na mradi, na majibu yatolewe kwa Kiswahili. Anayetuambia hakuna hatari hatapungukiwa na kitu kwa kukubali hilo.