Egas Moniz: Daktari aliyekata ubongo kutibu sonona, akapewa tuzo ya Nobel

Novemba 12, 1935, katika Hospitali ya Santa Marta jijini Lisbon, Ureno, mwanamke wa miaka 63 alitobolewa matundu mawili kwenye fuvu la kichwa. Hakuwa na uvimbe kwenye ubongo wala hakuwa amepata ajali. Alikuwa na sonona kali, wasiwasi usioisha na hofu kwamba watu wanamwinda.

Kupitia matundu yale, madaktari walimchoma sindano ya spiriti ndani ya sehemu ya mbele ya ubongo ili kuua nyuzi zinazounganisha sehemu hiyo na nyingine.

Aliyetoa wazo hilo alikuwa Profesa Egas Moniz, daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Miaka 14 baadaye alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo ni mmoja wa washindi wa Nobel wanaobishaniwa zaidi duniani.

Huyu Moniz ni nani?

Alizaliwa Novemba 29, 1874, katika kijiji cha Avanca, kaskazini mwa Ureno. Jina lake halisi lilikuwa António Caetano de Abreu Freire. Egas Moniz ni jina la shujaa wa kale wa Ureno ambalo familia ilimuongezea, na ndilo lililomkaa.

Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Coimbra na kumaliza mwaka 1899. Mwaka 1911 akawa profesa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu Lisbon.

Lakini kwa miaka mingi Wareno walimjua zaidi kama mwanasiasa. Alikuwa mbunge, aliwahi kuwekwa ndani kwa sababu za kisiasa, akawa balozi nchini Hispania mwaka 1917, kisha waziri wa mambo ya nje mwaka 1918.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, aliongoza ujumbe wa Ureno kwenye mkutano wa amani wa Paris. Vita hivyo vilikuwa vimefika hadi Mto Ruvuma, ambako majeshi ya Ureno yalipambana na ya Wajerumani. Baada ya hapo siasa zikamchosha, akarudi kwenye tiba.

Aliwezesha mishipa ya ubongo kuonekana

Kabla ya sifa mbaya kuna sifa nzuri, na hii haina ubishi.

Miaka ya 1920, daktari aliyeshuku uvimbe ndani ya kichwa alikuwa kama mtu anayetafuta sindano gizani. Eksirei ilionyesha fuvu, lakini ubongo wenyewe haukuonekana.

Moniz akawaza: je, tukiingiza kwenye damu dawa inayoonekana kwenye eksirei? Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya hatari, na mgonjwa mmoja alifariki. Alibadilisha dawa, na Juni 1927 akafanikiwa kupata picha ya mishipa ya damu ndani ya kichwa cha mtu aliye hai.

Kipimo hicho kinaitwa anjiografia. Hadi leo madaktari wanakitumia kuangalia mishipa iliyoziba au kuvimba, kwa mfano kwa wagonjwa wa kiharusi. Kwa kazi hiyo pekee alipendekezwa kupewa Nobel, lakini akaikosa.

Sokwe wawili wa Marekani

Agosti 1935 Moniz alikwenda London kwenye kongamano la kimataifa la madaktari wa mishipa ya fahamu. Huko, watafiti John Fulton na Carlyle Jacobsen wa Chuo Kikuu cha Yale walieleza habari za sokwe wawili, Becky na Lucy, walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo.

Becky alikuwa na hasira za karibu kila alipokosea jaribio. Baada ya upasuaji akawa mpole, kama vile hajali kitu. Lakini Lucy, aliyekuwa mtulivu, alibadilika na kuwa mkorofi. Yaani matokeo yalikwenda pande mbili.

Wanahistoria bado wanabishana kama Moniz alipata wazo lake pale au alikuja nalo kichwani. Kinachojulikana ni kwamba miezi mitatu tu baadaye alikuwa ameshaanza kwa binadamu.

Nadharia yake ilikuwa rahisi. Aliamini mgonjwa wa sonona au wasiwasi amenaswa na mawazo yaleyale, na kwamba mawazo hayo yamejikita kwenye nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Kata nyuzi, mawazo yatamwachia.

Shida ni kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha ni nyuzi zipi hasa.

Wagonjwa 20, muda mfupi

Moniz mwenyewe hakushika kisu. Mikono yake ilikuwa imeharibiwa na gauti tangu ujanani, hivyo upasuaji ulifanywa na mwenzake, Pedro Almeida Lima.

Baada ya wagonjwa wa mwanzo, spiriti iliachwa. Wakatengeneza chombo chembamba chenye waya unaojitokeza ubavuni. Kiliingizwa kwenye ubongo, kikazungushwa, kikakata kipande cha nyuzi. Upasuaji huo aliuita lukotomia.

Mwaka 1936 alitangaza matokeo ya wagonjwa 20: saba wamepona, saba wamepata nafuu, sita hawajabadilika. Wenye wasiwasi na sonona ndio walioonekana kufaidika zaidi kuliko wenye skizofrenia.

Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini wagonjwa walifuatiliwa kwa muda mfupi mno, wengine kwa wiki chache tu. Baadhi walitapika, walishindwa kuzuia haja, walichanganyikiwa au walipoa kupita kiasi. Moniz alisema hayo ni ya kupita.

Na yule mwanamke wa kwanza? Alihesabiwa kuwa amepona, lakini alirudishwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili alikotoka. Sobral Cid, daktari mkubwa wa magonjwa ya akili Lisbon aliyekuwa amempa Moniz wagonjwa, hakukubaliana na madai hayo na akawa mpinzani wake.

Kwa nini dunia ilimkubali?

Kumbuka enzi zenyewe. Hakukuwa na dawa ya sonona wala ya skizofrenia. Hospitali za akili Ulaya na Marekani zilifurika watu waliokaa humo miaka na miaka, wengine wakifungwa kwa mikanda. Madaktari walikuwa wakiwazimisha wagonjwa kwa insulini au kuwatia degedege kwa dawa, wakitumaini akili itatulia.

Familia zilizokata tamaa zilisikia kuna upasuaji, zikaukimbilia.

Nchini Marekani, Walter Freeman na James Watts walianza mwaka huohuo wa 1936 na kuuita lobotomia. Mwaka 1941 walimfanyia Rosemary Kennedy, dada wa John F. Kennedy aliyekuja kuwa rais. Alikuwa na miaka 23. Alitoka akiwa hawezi kutembea wala kuzungumza vizuri, na aliishi chini ya uangalizi hadi alipofariki mwaka 2005.

Mwaka 1946 Freeman akaja na njia ya haraka: chuma chenye ncha kali kinagongwa kwa nyundo kupitia juu ya jicho hadi ndani ya ubongo. Dakika chache, kazi imekwisha. Makumi ya maelfu ya watu walifanyiwa lobotomia duniani, wengi wao wanawake.

Moniz hakubuni njia hiyo ya nyundo. Ila mlango aliufungua yeye.

Risasi, kisha Nobel

Mwaka 1939 mgonjwa mmoja alimpiga Moniz risasi kadhaa akiwa kazini. Alinusurika akiwa na miaka 64, na akaendelea kuandika na kutetea kazi yake.

Mwaka 1949 akatunukiwa Nobel ya tiba, Mreno wa kwanza kupata tuzo hiyo. Aligawana na Walter Rudolf Hess wa Uswisi, ambaye kwa kuchochea kwa umeme sehemu za ndani za ubongo wa paka alionyesha kwamba hasira na woga vina makao yake humo.

Tuzo ilikuja jua likikaribia kuzama. Mwaka 1950 Umoja wa Kisovyeti ulipiga marufuku upasuaji huo. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walianza kutumia klopromazini kwa wagonjwa wa akili, dawa ambayo hadi leo ipo katika hospitali za Afrika Mashariki. Kidonge kikaifanya lobotomia ianze kusahaulika.

Moniz alifariki Lisbon Desemba 13, 1955, akiwa na miaka 81.

Alipatia wapi, alikosea wapi?

Sayansi ya leo inakubali kwamba sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani zinawasiliana muda wote, na kwamba mawasiliano hayo yana mchango mkubwa kwenye hofu, wasiwasi na sonona. Hapo Moniz hakuwa mbali na ukweli.

Alichokosea ni kukata kabla ya kuelewa. Nyuzi zilezile zinazobeba wasiwasi zinabeba pia hamu ya kuishi, mipango na upendo kwa watu wa karibu. Ukikata hazirudi.

Ureno bado inamuenzi. Ina hospitali yenye jina lake Lisbon, nyumba yake ya Avanca ni makumbusho, na sura yake iliwahi kuwekwa kwenye noti ya escudo 10,000. Upande wa pili, ndugu wa waliofanyiwa lobotomia wamedai avuliwe Nobel. Tuzo hiyo haijawahi kufutwa, na jina lake bado limo kwenye orodha ya mwaka 1949.