Carl Adam Petri: Mjerumani aliyekataa saa moja ya kompyuta

MTAALAMU wa hisabati Carl Adam Petri alizaliwa Leipzig, Ujerumani, Julai 12, 1926. Inasimuliwa kuwa akiwa na umri wa miaka 13 tu alianza kuchora viduara na mishale ili akumbuke jinsi kemikali zinavyobadilika. Vita vilimkatizia masomo. Mnamo 1944 aliingizwa jeshini, akatekwa na Waingereza, na hakurejea kwao hadi 1949.

Tasnifu yake ya uzamifu ya Darmstadt ilitoka 1962. Kompyuta za wakati huo zilizoea kuongozwa na saa moja, kila hatua ikifuata pigo lake. Petri alipinga. Hakuna ishara iendayo kasi kuliko mwanga, kwa hivyo mashine ikizidi kupanuliwa, pigo hilo litachelewa kufika pembeni. Afadhali kila sehemu isubiri kile inachokihitaji tu, basi.

Anayeyajua mashamba ya chai ya Nyamira hatashangaa. Wachumaji wawili walio katika mistari tofauti hawaulizani nani aanze. Vikapu vitajaa vilevile. Lakini kwenye kituo cha kununulia majani, mizani ikiwa moja, kikapu kimoja hupimwa na kingine hungoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyeshwa na michoro iitwayo nyavu za Petri. Ajabu ni kwamba michoro yenyewe haimo katika tasnifu ile mashuhuri.

Mnamo 1973 Wajerumani wengine, Hartmut Ehrig, Michael Pfender na Hans-Jürgen Schneider, walichunguza grafu, yaani michoro ya nukta na mishale, inayobadilishwa kipande kwa kipande kwa kanuni. Walitumia nadharia ya kategoria, iliyoasisiwa na Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane mnamo 1945, ambayo hujali uhusiano wa vitu kuliko vitu vyenyewe. Kwa njia hiyo ilithibitishwa kwamba kanuni mbili zaweza kutangulizana vyovyote, na matokeo yawe yaleyale, mradi hakuna inayofuta kile ambacho mwenzake inakihitaji. Wachongaji wawili wa Tabaka, Kisii, waweza vivyo hivyo kuchonga jiwe moja la sabuni, mmoja kila upande, ilimradi hakuna anayekata sehemu ya mwenzake. Nyavu za Petri zilidhihirika kuwa namna nyepesi ya mabadiliko hayohayo.

Tuzo ya waasisi wa kompyuta kutoka shirika la IEEE ilimfikia mwaka wa 2008. Alifariki Julai 2, 2010, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 84.