Louis Leakey na nyembe za mizimu

Msikilizaji, huenda jembe lako limewahi kugonga jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, lenye makali, ukalitupa kando ya shamba. Louis Leakey aliokota mawe kama hayo, na ndiyo yaliyomjengea jina.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, kwa wazazi wamisionari kutoka Uingereza. Alikua na vijana wa Kikuyu, akaongea lugha yao na kupitia jando pamoja na rika lake.

Akiwa bado mvulana alizawadiwa kitabu kuhusu watu wa kale waliowinda kwa zana za mawe. Akaanza kutafuta zake kwenye udongo uliomomonyoka. Wakikuyu waliziita nyembe za mizimu. Alipompelekea Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, huyo alimthibitishia kwamba baadhi zilichongwa na mikono ya watu wa kale.

Mwaka 1931 alikwenda Oldupai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck. Reck alifanya kazi hapo mwaka 1913 bila kuona zana, kwa kuwa alitafuta mawe ya gumegume kama ya Ulaya. Leakey aliweka dau kwamba atazipata ndani ya saa 24. Akashinda.

Lakini haraka ilimponza. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, mfanyakazi wake Juma Gitau alipata taya la binadamu. Mtaalamu wa miamba Percy Boswell alipokuja mwaka 1935 kupahakiki, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoweka vilikuwa vimeng'olewa, na picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mahali pengine. Boswell alimkosoa hadharani katika jarida la sayansi, na sifa yake ikatiwa doa.

Ilichukua miaka mingi kuirudisha. Tarehe 17 Julai 1959, mkewe Mary aliona fuvu la kale sana hapo Oldupai, na safari hii uchimbaji ulirekodiwa kwa makini. Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Kwa hiyo ukikuta jiwe la aina hiyo, usiling'oe wala kuliuza. Liache hapo, piga picha kwa simu yako, kisha mweleze chifu au watu wa makumbusho. Jiwe lisilojulikana lilikotoka limepoteza nusu ya habari zake.