Mary Anning: Dem Aliyewinda Mifupa ya Bahari na Maji Yakimfukuza kwa Nyuma

Mary Anning hakuwa hata amefika miaka miwili radi ilipompiga. Ilikuwa Agosti 1800, kwenye mji mdogo wa Lyme Regis, pwani ya kusini ya Uingereza. Jirani alikuwa amembeba chini ya mti, pamoja na wamama wengine wawili. Wote watatu walikufa papo hapo. Mtoi akapona.

Hiyo pekee ingetosha kuwa stori ya maisha. Kwake ilikuwa mwanzo tu.

Alizaliwa Mei 21, 1799. Babake, Richard, alikuwa seremala aliyekuwa na hasla ya pembeni: kuokota visukuku ufuoni, yaani makombe na mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, na kuwauzia watalii. Watoto wengi wa hiyo nyumba walikufa wadogo, wakabaki wawili, Mary na kakake Joseph. Mzae alikuwa akiwapeleka wote wawili kuokota. Halafu akaanguka kutoka kwenye genge, akawa pia na kifua kikuu, na mwaka 1810 akafariki. Aliacha madeni. Mary alikuwa na miaka 11.

Sasa elewa hapo mahali palivyo, kwa sababu bila hiyo huwezi kuelewa huyu mtu. Magenge ya Lyme Regis ni tabaka la mawe, tabaka la matope, tabaka la mawe, kama chapati zilizopangwa. Yana umri wa karibu miaka milioni 200. Bahari inayala kwa chini, mvua inayalegeza kwa juu, kipande kinaporomoka na mifupa inatokea. Ukichelewa, mawimbi yanasomba yote. Kwa hivyo msimu mzuri wa kazi ni wakati wa baridi, baada ya dhoruba, na huo ndio msimu mbaya zaidi wa kuwa chini ya genge.

Halafu kuna maji yenyewe. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kupanda na saa sita kushuka. Maji yakipwa unapata barabara pana ya kokoto chini ya magenge. Yakirudi, yanafika mpaka ukutani. Mbele maji, nyuma ukuta, na hakuna mlango wa nyuma.

Mtu wa Kitui ama Makueni hahitaji kuelezwa sana hapa. Si tunajua mito yetu ya mchanga? Tiva ama Kaiti inaweza kuwa kavu asubuhi, watoto wanavuka, punda wanachota maji kwenye visima vya mchanga. Mvua inanyesha huko juu mbali, hapa jua linawaka, na maji yanakuja kama lori. Na wale vijana wa kuchota mchanga wanajua ukuta wa shimo hauonyi mtu kabla ya kuanguka. Mary alikuwa na hizo hatari zote mbili kwa pamoja, kila siku ya kazi. Tofauti ni kwamba bahari ina ratiba.

Na hiyo ratiba ndiyo ilikuwa silaha yake. Alishuka ufuoni maji yakianza kurudi nyuma, akayafuata, akafanya kazi na nyundo yake, akapanda kabla hayajageuka. Mfupa mkubwa haukumalizwa siku moja. Alichimba, akaacha, akarudi maji yaliporuhusu.

Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu la kiumbe cha ajabu. Mary akautafuta mwili wake kwa miezi, na mwaka 1812, akiwa na miaka 12, akaupata. Alikuwa ikthiosauri, mtambaazi wa baharini mwenye umbo kama la pomboo. Familia ililipwa kama pauni 23, doo ya maana kwa nyumba yenye deni. Mwaka 1823 akatoa plesiosauri mzima wa kwanza, mwenye shingo ndefu hivi kwamba Georges Cuvier, bazu wa sayansi hiyo kule Ufaransa, alishuku ni feki. Baadaye akakubali ni halisi. Desemba 1828 akapata pterosauri, mtambaazi mwenye mabawa, wa kwanza kupatikana nje ya Ujerumani.

Masonko walinunua, wakaandika makala, wakasifiwa. Jina lake mara nyingi halikutajwa. Chama cha wanajiolojia cha London kilikuwa cha wanaume tu, na wanawake hawakukubaliwa hata kuketi kusikiliza. Kwa maoni yangu huo ulikuwa wizi, hata kama uliandikwa kwa Kiingereza kizuri.

Oktoba 1833 ndipo genge lilipomfikia. Alikuwa na mbwa wake, Tray, aliyezoea kwenda naye kazini kila siku. Ukuta uliporomoka ghafla, ukamfunika Tray mbele ya miguu yake na kumuua. Mary aliponea kwa hatua chache. Kumbuka huyu hakuwa mgeni wa wikendi, alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 20. Saa ya maji aliijua. Ukuta hauna saa. Na bado alirudi, kwa sababu bila mifupa hakuna chakula.

Wewe huna hiyo presha, kwa hivyo kama una fom ya kupanda SGR pale Emali ama Kibwezi ukaone matumbawe ya kale kwenye miamba ya Pwani yetu, yenye umri wa zaidi ya miaka 100,000, panga kwa utaratibu wa Mary. Tafuta jedwali la maji la siku yenyewe, ama uliza mvuvi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hupwa mbali sana, halafu hurudi kwa nguvu na kupanda juu kuliko kawaida. Kwetu, siku hizo maji huwa chini kabisa kama saa nne asubuhi. Basi anza saa mbili, na saa nne ikigonga geuka, hata kama ndio umeona kitu kitamu. Kesho yake kila kitu kinasogea mbele kama dakika 50, kwa hivyo ratiba ya Jumamosi usiitumie Jumapili. Usikae chini ya mwamba uliopasuka, hasa baada ya mvua. Mwambie mtu aliyebaki unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Na usibebe kitu: sheria ya urithi ya mwaka 2006 inalinda visukuku Kenya nzima. Piga picha, weka alama ya mahali, wajulishe Makumbusho ya Taifa.

Hata bila bahari, Ukambani ina jina kwenye hii kazi. Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni, ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu kando ya mto mkavu wa Nariokotome mwaka 1984, kikazaa mifupa ya yule Kijana wa Turkana. Naye kwa miaka mingi alijulikana kidogo kuliko mabosi wake.

Mary alikufa kwa saratani ya matiti Machi 9, 1847, akiwa na miaka 47. Chama kile cha London kilianza kukubali wanawake kuwa wanachama mwaka 1919. Mei 2022 Lyme Regis ilimzindulia sanamu: anatembea na nyundo yake, na Tray yuko kando yake.