Paul Bomani: Mzee aliyeanzia kwenye mizani ya pamba

Mada ya leo nawaletea hasa vijana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ila na wa mikoa mingine msiondoke, maana inatuhusu wote. Wengi wetu ada ya shule ililipwa na pamba. Mzee anauza marobota, wewe unanunuliwa daftari na viatu. Lakini ukimuuliza kijana wa leo Paul Bomani alikuwa nani, wengi watakwambia ni jina la barabara au la ukoo fulani wa mawaziri. Si vibaya tukakumbushana.

Paul Lazaro Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Musoma. Ni Msukuma, baba yake alikuwa mhubiri wa Wasabato, na elimu yake aliipata kwenye shule za misheni. Mark Bomani, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ni mdogo wake. Baada ya shule Paul akapata kazi ya ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, pale Shinyanga. Kwa kijana Mwafrika wa miaka ile hiyo ilikuwa ajira ya kuringia. Hakukaa sana. Mwaka 1947 alikuwa Mwanza, kwenye chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Sasa hapa ndipo pamba inapoingia. Enzi hizo Bariadi ilikuwa ndani ya wilaya ya Maswa, na Usukuma wote ulikuwa Jimbo la Ziwa. Mkulima analima, anapalilia, anavuna, halafu anabeba mzigo wake mpaka gulioni kwa mnunuzi mwenye leseni. Mizani ni ya mnunuzi. Anayesoma mizani ni mtu wa mnunuzi. Mkulima mwenyewe mara nyingi hajui kusoma. Unategemea nini hapo? Kilo zilikuwa zinapotea waziwazi na hakuna pa kulalamika.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mpango wake wa kuendeleza Usukuma, ulioanza mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya. Pesa zilitengwa, wataalamu wakaletwa, malambo yakachimbwa. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri tu. Tatizo ni kwamba ulikuja na amri: lima matuta hivi, punguza ng'ombe, usipofanya unapigwa faini. Msukuma umwambie apunguze ng'ombe! Watu wakauchukia mpango mzima, hata yale mazuri yake, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 amri nyingi zilikuwa zimeachwa baada ya watu kugoma.

Bomani na wenzake walianza na jambo dogo zaidi. Hawakuanza na matuta wala ng'ombe, walianza na mizani. Wakulima wakaweka watu wao wa kuhakiki uzito kabla pamba haijafika kwa mnunuzi. Mkulima akifika kwa mnunuzi anajua tayari mzigo wake una uzito gani. Wakulima wakawalipa wapimaji hao kutoka mifukoni mwao, kwa sababu faida waliiona siku hiyohiyo.

Kutoka hapo mambo yakaenda kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani akawa kiongozi wa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, akazunguka vijijini kuhamasisha watu waunde vyama vya msingi. Akaenda Uingereza, Loughborough, kusomea ushirika. Mwaka 1955 likasajiliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, maarufu kwa kifupi chake cha VFCU, yeye akiwa meneja mkuu. Alikuwa na miaka 30 tu! Vijana mnaosema bado wadogo, mnasikia?

Ndani ya miaka michache vyama vya msingi vilipita mia tatu, na karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ikawa inapita mikononi mwa wakulima wenyewe. Wakanunua na kujenga viwanda vya kuchambua pamba. Shirikisho likawa linatajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kumbukeni pia kwamba TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukuma kati ya 1954 na 1958, kwa hiyo kwa watu wengi ushirika ndio uliokuwa shule ya siasa. Watu walijifunza kuchagua viongozi na kukagua hesabu humo.

Serikali ya Nyerere ilipoanza kuundwa mwaka 1960, Bomani akapewa Wizara ya Kilimo na Ushirika, baadaye akawa Waziri wa Fedha. Hapo, wadau, ndipo hadithi inapogeuka.

Serikali mpya iliona ushirika umefanya vizuri Usukuma, ikataka uwe nchi nzima, kwa kila zao, na haraka. Vyama vikaanzishwa hata mahali ambapo wakulima hawakuviomba. Kule Usukuma nako shirikisho likawa kubwa mno. Makarani wakaongezeka, makato yakaongezeka, ofisi ya Mwanza ikawa mbali na mtu wa Bariadi. Mkulima aliyekuwa anamlalamikia mnunuzi wa zamani, sasa akaanza kulalamikia chama chake mwenyewe.

Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa chama kimoja, lakini wagombea wawili karibu kila jimbo, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Waziri wa Fedha, mwasisi wa ushirika wa Wasukuma, akaangushwa nyumbani kwao! Ilikuwa habari kubwa nchi nzima. Nyerere akamteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya mipango ya maendeleo, lakini ujumbe wa wapiga kura ulishafika.

Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ikachunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Ikakuta wizi, watumishi wasio na ujuzi, wanasiasa kuingilia, na wanachama wasiojua haki zao. Sasa ukaanza mchezo wa kupanga na kupangua ambao wazazi wetu wameuishi. Mwaka 1968 shirikisho likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Nyanza. Mwaka 1973 ikaundwa Mamlaka ya Pamba. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa kwa amri ya serikali, mamlaka ikachukua kazi. Wakati huo Bomani alikuwa mbali, balozi wetu Washington tangu 1972. Mwaka 1982 sheria ikarudisha ushirika, 1984 vyama vikuu vikafufuliwa, Bariadi na Maswa zikawa chini ya chama kikuu cha Shinyanga. Miaka ya 1990 soko likaachiwa watu binafsi, wanunuzi wakajaa kila gulio. Kuanzia msimu wa 2018 pamba ikarudishwa kupitia vyama vya msingi, hizi AMCOS tunazozijua. Mkoa wa Simiyu wenyewe, ulioanza 2012, ndio unaotoa sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii.

Hesabuni wenyewe ni mara ngapi muundo umebadilishwa. Kila mara kulikuwa na semina, nembo mpya, gari jipya, mkurugenzi mpya. Kila mara tuliambiwa safari hii ni matokeo tu.

Mimi maoni yangu ni haya. Sisemi mabadiliko ya mwaka 1966 hayakuhitajika. Wizi ulikuwepo na ilibidi ushughulikiwe. Ila tuangalie kwa nini lile la mwanzo lilifanikiwa. Wakulima walijua walichokuwa wanataka, walilipia wenyewe, na wangeweza kumwondoa anayeharibu. Mwaka 1976 hawakuulizwa lolote. Taasisi ikishakuwa inawajibika kwa ofisi iliyo juu yake tu, hata uigawe au uiunganishe mara kumi, mtu wa Lamadi atazungushwa vilevile kudai pesa yake ya pamba.

Na Mzee Bomani naye tusimfanye malaika. Alikuwa sehemu ya serikali iliyoharakisha mambo, na wapiga kura wake walimwadhibu. Lakini hakususa. Aliendelea na kazi, akarudi kutoka Marekani mwaka 1983 na kuingia tena serikalini, na kuanzia 1993 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka alipofariki Aprili 2005, akiwa na miaka 80.

Kwa hiyo wewe kijana unayesoma hapa, msimu ujao nenda na mzee gulioni. Angalia mizani imewekwa sifuri kabla mzigo haujapanda. Soma stakabadhi, piga hesabu ya makato, uliza kila kato linaenda wapi. Nenda kwenye mkutano mkuu wa chama, acha kuwaachia wazee peke yao. Bomani na wenzake walianzia hapohapo, na hawakuwa na simu wala kikokotoo.

Wenye wazee waliouza pamba enzi za Victoria, waulizeni halafu mtuandikie hapo chini. Je, walipunjwa zaidi wakati gani: wa wanunuzi, wa mamlaka, au wa chama? Tusitukanane, tujadili kwa hoja.

Nawasilisha.